Mtoto Mkorofi, au Mtoto Mwenye Mzigo? Tiba ya Mazungumzo kwa Vijana wa Kibera na Kawangware

Wazee walisema, "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," na tangu hapo wazazi na waalimu wengi wameyachukua maneno hayo kuwa ruhusa ya fimbo. Mtoto akipigana, huchapwa. Akinyamaza, huambiwa ana kiburi. Akitoroka shule, hutafutwa kwa ukali na kurudishwa kwa ukali. Lakini methali yenyewe haikutaja fimbo. Ilitaja kilio tu. Na katika mitaa ya Kibera na Kawangware, mjini Nairobi, wako watoto ambao kilio chao hakijatoka bado, wala hakitatoka kwa kuchapwa. Kimekaa ndani, nacho huonekana nje kwa sura ya ugomvi, uvivu, uongo au ukimya.

Habari hii yahusu watoto hao, na tiba isiyokuwa na sindano wala kidonge, yaani tiba ya mazungumzo. Jambo hili lamhusu pia mkulima aliye mbali na Nairobi, maana watoto wengi wa Kibera na Kawangware ni wajukuu wa watu wa Siaya, Kakamega, Machakos na Murang'a. Mara nyingi mtoto "aliyeshindikana" mjini hurudishwa kwa nyanya yake shambani kabla mtu yeyote hajauliza ana nini.

MITAA MIWILI

Kibera ilianza kwa askari wa Kinubi, wenye asili ya Sudan, waliotumikia jeshi la King's African Rifles. Mwanzoni mwa karne ya 20 walipewa nafasi ya kukaa katika msitu uliokuwa kusini magharibi mwa Nairobi, na jina la mahali latokana na neno lao "kibra," maana yake msitu. Leo msitu huo hauonekani. Yako mabati yaliyogusana, na reli ya kwenda Kisumu imepita katikati yake. Kawangware iko magharibi mwa mji, upande wa Dagoretti, mahali palipokuwa mashamba ya Wakikuyu kabla nyumba za kupanga hazijayameza.

Watu wa mitaa hii ni watu wa kazi. Wako waashi na vibarua wa ujenzi, wako mabawabu wa usiku, wako akina mama wafuao nguo katika nyumba za watu au wauzao sukuma wiki kando ya njia. Lakini wengi hupata fedha kwa siku, na siku isiyo na kazi haina chakula. Jamaa nzima hukaa katika chumba kimoja. Humo hupikwa, humo hulalwa, humo huzungumzwa habari ya kodi iliyochelewa. Kwa hiyo mtoto husikia yote. Mtoto wa shamba aweza kwenda kuchunga mbuzi baba na mama wakigombana. Mtoto wa chumba kimoja hana pa kwenda ila nje, na nje usiku si mahali pa mtoto.

Juu ya hayo yamekuja mambo makubwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nyumba nyingi za Kibera zilichomwa na watu waliuawa. Mwezi wa Oktoba 2017 Kawangware nayo iliona mapigano ya majirani. Mwaka 2020, kwa ajili ya maradhi ya Korona, shule zilifungwa mwezi wa Machi, na wanafunzi walio wengi hawakurudi darasani hata Januari 2021. Mtoto aliyekuwa na miaka 5 alipoona nyumba ya jirani ikiwaka huenda leo ni mzazi. Na mambo aliyoyaona hakuulizwa na mtu.

Hata hivyo haifai kudhani kwamba kila mtoto wa Kibera au Kawangware ni mgonjwa wa moyo. Walio wengi husoma, hucheza, na hukua vizuri. Shida ni wale ambao mzigo umewazidi, na ambao watu wazima wamewapa jina la wakorofi.

MFANO MMOJA

Yafaa kutoa mfano. Mfano huu ni wa kubuni, lakini waalimu wengi watautambua. Yuko mvulana wa miaka 15, mwanafunzi wa shule ya sekondari, akaaye Kawangware. Muhula wa kwanza alikuwa wa 6 katika darasa lake. Muhula wa tatu amekuwa wa 38. Husinzia wakati wa masomo. Kila Jumatatu asubuhi asema kichwa chamuuma, na zahanati haikuona ugonjwa. Siku moja alimpiga mwenzake ngumi ya mdomo kwa sababu ya kalamu. Akafukuzwa kwa wiki mbili, na nyumbani akapigwa na baba yake, ambaye ni bawabu wa usiku na ambaye amechoka.

Hakuna aliyemwuliza habari za usiku. Lau angeulizwa, angesema kwamba tangu mwezi wa Aprili mama yake amekwenda kwao kijijini kwa maradhi, na habari zake huja kidogo kidogo. Baba aendapo kazini saa kumi na mbili ya jioni, mvulana hubaki na wadogo wawili. Huwapikia, huwalaza, kisha hukaa macho kusikiliza mlango, maana komeo lake ni bovu. Kalamu ile alipewa na mama yake.

Kumchapa mtoto huyu ni sawa na mkulima aliyeona majani ya mahindi yamegeuka manjano, akachukua fimbo akayachapa mahindi. Mkulima mwenye akili huchimba kidogo, akatazama udongo na mizizi.

MARADHI YENYEWE

Wataalamu hutaja hasa mambo mawili yawapatayo vijana. La kwanza ni huzuni nzito, iitwayo sonona: mtu hupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, hulala sana au halali kabisa, hujiona hana thamani. La pili ni wasiwasi usiokwisha: moyo hupiga, tumbo huuma, fikira huzunguka jambo lile lile. Kwa vijana, na zaidi kwa wavulana, huzuni hiyo mara nyingi haionekani kama huzuni. Huonekana kama hasira.

Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika kila vijana 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Tena uchunguzi mkubwa uliokusanya habari za nchi nyingi, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba karibu theluthi moja ya watu wenye maradhi haya huanza kuugua kabla ya kutimiza miaka 14, na karibu nusu kabla ya miaka 18. Yaani maradhi haya huanza shuleni. Akingojewa mpaka awe mtu mzima, miaka mingi imekwisha kupotea.

Katika Kenya hospitali kubwa ya maradhi ya akili ni Mathari, iliyoanzishwa mwaka 1910. Kwa miaka mingi jina hilo limekuwa la kutisha, hata mtu akimtukana mwenzake humwambia, "Wewe ni wa Mathari." Mwaka 2020 kamati iliyowekwa na Serikali, chini ya uenyekiti wa Dakta Frank Njenga, ilipendekeza kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa jambo la hatari la taifa zima. Madaktari wa kazi hii ni wachache mno kwa nchi iliyohesabiwa watu zaidi ya milioni 47 mwaka 2019, na wengi wao wako mijini. Hata kama kila mmoja wao angefanya kazi usiku na mchana, wasingeweza kuwafikia watoto wote. Basi swali likawa hili: ni nani mwingine awezaye kusaidia?

JARIBIO LA KIBERA

Swali hilo lilipata sehemu ya jibu Kibera. Kijana Mkenya, Tom Osborn, alipokuwa akisoma elimu ya nafsi katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alishirikiana na wenzake, miongoni mwao Bibi Katherine Venturo-Conerly na Profesa John Weisz, kutengeneza mafunzo mafupi kwa vijana wenye huzuni na wasiwasi. Wakayaita Shamiri, kwa maana ya kustawi.

Jaribio la kwanza lilifanywa katika shule moja ya sekondari ya Kibera, kwa wanafunzi 51 walioonekana kuwa na dalili hizo. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata Shamiri, na kundi la pili lilifundishwa namna nzuri ya kujisomea, kwa saa zile zile. Hivyo haikuwezekana kusema kwamba waliopata nafuu walifurahi tu kuketi na mgeni. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Waliopata Shamiri walipungukiwa na huzuni na wasiwasi kuliko wenzao. Maksi zao zilipanda zaidi. Na waliona kwamba rafiki zao wanawasaidia zaidi kuliko zamani.

Jaribio la pili lilikuwa kubwa zaidi: wanafunzi 413 wa shule 4 za sekondari za Nairobi na Kiambu. Dakta Christine Wasanga wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na Profesa David Ndetei, bingwa wa maradhi ya akili, walikuwa miongoni mwa walioshiriki. Matokeo yalitolewa mwaka 2021. Ni haki kusema kwamba hayakuwa muujiza. Makundi yote mawili yalipata nafuu, lakini kundi la Shamiri lilipata zaidi, na tofauti hiyo ilikuwa ingali yaonekana baada ya miezi 7. Kwa kazi ya saa moja kwa wiki, kwa wiki 4 tu, hilo si jambo dogo.

MAMBO YAFANYWAYO

Msomaji ataka kujua ni nini hasa hufanywa katika saa hizo nne. Wanafunzi huketi kwa makundi madogo, pamoja na kiongozi mmoja. Kiongozi huyo si daktari. Ni kijana aliyemaliza sekondari si zamani, aliyepewa mafunzo ya muda mfupi, na ambaye kazi yake husimamiwa na walio na ujuzi zaidi.

Katika mikutano ya kwanza hufundishwa kwamba mtu aweza kubadilika. Ubongo, kama msuli wa mkono wa mlimaji, hupata nguvu kwa kutumiwa. Kwa hiyo kushindwa kwa leo si hukumu ya maisha. Wanafunzi husoma habari za vijana waliopita katika shida, nao huandika habari zao wenyewe, na maneno ambayo wangemwambia mwanafunzi mdogo aliye katika taabu kama yao. Hapo ndipo hekima ya kazi hii ilipo: mtoto aliyezoea kuambiwa huwa sasa mwenye kushauri, na shauri alilompa mwenzake humrudia mwenyewe.

Mkutano unaofuata ni wa shukrani. Kila mmoja huandika mambo mema aliyoyapata, hata yakiwa madogo, na barua kwa mtu aliyemtendea wema. Wa mwisho ni wa mambo ambayo kila mmoja huyathamini kuliko yote, kama jamaa, dini, elimu au urafiki, na namna ya kuyafuata katika wiki ijayo. Hakuna mahali ambapo mtoto huambiwa, "Wewe ni mgonjwa." Kwa hiyo hakuna aibu ya kuonekana akiingia chumbani, na wala haogopi kuchekwa.

Kwa watoto wadogo njia hubadilika. Mtoto wa miaka 6 hawezi kueleza huzuni kwa maneno, lakini aweza kuichora, au kuionyesha kwa wanasesere na vibonge vya udongo. Mshauri hutazama mchezo, huuliza polepole, na mzazi hufundishwa namna ya kuitikia. Na kwa mtoto ambaye tatizo lake ni ugomvi na ukaidi, sehemu kubwa ya tiba huwa ya mzazi mwenyewe: kuweka amri chache zisizobadilika, kusifu wema mara uonekanapo, na kutofuata kila kosa kwa kelele.

SI KIBERA PEKE YAKE

Njia ya kuwatumia watu wa kawaida imejaribiwa kwingine pia. Bungoma katika Kenya na Moshi katika Tanzania, watoto mayatima 640 wa miaka 7 hadi 13 waliingizwa katika uchunguzi mmoja uliotolewa mwaka 2020. Waliopata tiba walikutana mara 12 na washauri wasio madaktari, na walezi wao nao walifundishwa. Walisaidiwa kueleza habari za kifo cha mzazi badala ya kuzificha. Katika sehemu tatu kati ya nne walipata nafuu kuliko mayatima wenzao. Katika sehemu ya vijijini ya Tanzania tofauti haikuonekana. Zimbabwe, tangu mwaka 2006, Dakta Dixon Chibanda amewafundisha akina nyanya kuketi juu ya benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye mawazo mengi.

Nairobi kwenyewe, katika vitongoji vya mji, wanawake waliopata mateso walisaidiwa kwa mikutano 5 na wahudumu wa afya wa jamii, na uchunguzi uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba dhiki yao ilipungua. Hilo nalo ni jambo la watoto, maana mama aliyevunjika moyo hupata taabu kuuona moyo wa mwanawe.

MASHAKA YA WAZAZI

Wako wanaosema kwamba mambo haya ni ya kigeni, na kwamba zamani watoto walikua bila washauri. Lakini zamani mtoto hakuwa na baba na mama tu. Alikuwa na nyanya wa kumsimulia, na shangazi wa kumwuliza yale ambayo hangemwambia mama. Kikao cha jioni kilikuwa shule na tiba pamoja. Katika chumba cha kupanga Kawangware nyanya hayupo, na shangazi yuko mtaa wa tatu akitafuta kodi yake. Kumpa mtoto mtu wa kumsikiliza si kuleta jambo geni. Ni kurudisha jambo lililopotea.

Wengine huuliza kama fimbo imekwisha kazi. Katika shule za Kenya Serikali iliondoa adhabu ya viboko mwaka 2001, na Katiba ya 2010 yamkinga kila mtu na adhabu ya ukatili. Lakini kuacha fimbo si kuacha malezi. Mvulana aliyempiga mwenzake ngumi hana budi kuomba radhi na kulipa kosa lake. Tofauti ni kwamba, baada ya hayo, ataulizwa kwa nini.

Wa tatu huogopa kwamba kijana asiye daktari ataharibu. Hofu hiyo ina maana. Mshauri wa kawaida hatibu kila jambo. Mtoto anayesikia sauti zisizokuwapo, anayejikatakata mwili, anayesema ataka kufa, au aliyetendewa uchafu na mtu mzima, lazima apelekwe kwa wenye elimu ya juu mara moja. Kazi nzuri ya kusikiliza ni pamoja na kujua mahali pa kukoma.

YAPASAYO KUFANYWA

Mzazi hahitaji cheti ili aanze. Na atazame mambo matatu. Kwanza, je, mtoto amebadilika? Aliyekuwa mcheshi akawa bubu, au aliyekuwa mpole akawa mpiganaji, ana sababu. Pili, je, hali hiyo imedumu zaidi ya wiki mbili? Tatu, je, imeingia mahali pengi, yaani katika masomo, chakula, usingizi na urafiki? Majibu yakiwa ndiyo, huo si ukorofi wa kawaida.

Kisha na amwulize, lakini si mbele ya watu, wala si kwa swali la "Una nini wewe?" Ni afadhali kuuliza mkitembea au mkifanya kazi pamoja, na kungojea. Ukimya wa mtoto si ukaidi. Mara nyingi anapima kama ni salama kusema. Akisema, asikatizwe wala asichekwe.

Hatua ya pili ni mwalimu wa ushauri wa shule, kisha kituo cha afya kilicho karibu, ambacho chaweza kumpeleka hospitali. Tena iko simu ya watoto, namba 116, isiyotoza kitu katika Kenya, ambayo mtoto mwenyewe au mtu mzima aweza kuipiga saa yoyote. "Mficha maradhi kifo humuumbua," na maradhi ya moyo ni maradhi kama mengine.

Ama yule mvulana wa mfano, haikuhitajika hospitali kubwa kumwanza. Ilihitajika mwalimu mmoja amwite kando siku ya kurudi shuleni, amwulize, "Usiku hulala saa ngapi?" Baba angejua habari ya komeo, na komeo jipya si ghali. Jirani angeombwa kuwatazama wadogo. Simu ingepigwa kijijini, mtoto akasikia sauti ya mama yake. Na saa moja kila wiki angeketi na vijana wenzake, akagundua kwamba si yeye peke yake asiyelala. Kichwa huenda kingeuma Jumatatu mbili tatu zaidi. Lakini angekuwa ameanza kuutua mzigo, na darasa lisingempoteza mwanafunzi ambaye miezi michache tu iliyopita alikuwa wa 6.